Ubeti wa Asumini

Ijumaa, 31 Oktoba

Mandazi yameumuka vizuri leo. Iliki ilikwisha, nikachukua ya kahawa ya mume wangu, Baba Ahmed. Hajui.

Laasiri kwa Da Rahma, mazoezi ya taarabu kama kila Ijumaa. Mie na rika langu la kupiga kwa kiganja, binti yangu Fatma na kinanda chake. Nimefika nimekuta mtu kakaa mahala pangu. Kwenye busati, mkono wa kulia wa Da Rahma, pale pangu pa miaka yote.

Ni yule mtumishi wa Ummu Said, jirani wa Da Rahma wa ukuta mmoja. Mwanaidi, mtu wa Tanga. Kakunja miguu kama yuko kwao.

Kaniamkia, "Shikamoo, mama." Nimejifanya natafuta chaji ya simu.

Da Rahma kasema alimsikia darini akianika mashuka, anaimba wimbo wake, "Asumini". Mwaka mzima kaisikia kupitia ukutani, kaishika yote, na mapindo yake ya sauti. "Harusi ya Sur atakuja na sisi," kasema. "Koo langu limechoka, Zuwena. Nataka harusi ile iwe ya mwisho, na nimkabidhi mtu."

Nikamuuliza, mtu gani? Kanitazama kama nimeuliza jua linachomoza wapi.

Mandazi nimerudi nayo nyumbani. Sikuyatoa.

Jumapili, 2 Novemba

Nimeswali rakaa mbili za haja. Moyo haukutulia.

Nani alikuwa na Da Rahma? Mie. Mama yake na mama yangu tumbo moja. Alipokuja kutoka Unguja, mwari, Kiarabu hajui hata kuomba chumvi, mie sijazaliwa bado. Kule kwao, Malindi ya Unguja, alikuwa akiimba nyuma ya pazia, maana babake hakutaka sura ionekane. Hapa Oman akapata kazi jikoni kwenye skuli ya Nizwa. Nyimbo akizitunga huku anachagua mchele. Hakuandika hata moja. Akisema karatasi haina sikio. Harusi ya kwanza kuimba ilikuwa hukohuko Nizwa, chumba cha wanawake, hana maikrofoni, anapigiwa sinia badala ya dumbaki. Mumewe alimruhusu kwa sharti moja tu: wanaume wasisikie.

Zikaja kanda. Zikapita mkoba kwa mkoba, Nizwa, Ibra, Al Kamil mpaka Sur. Bibi mmoja wa Sur alikuwa akizificha ndani ya pipa la mchele mumewe asizione. Kumbe mume keshaziona zamani, anazisikiliza garini peke yake. Da Rahma akicheka mpaka machozi. "Sharti nimetimiza mie. Mwizi ni yeye."

Na "Asumini" aliitungia uani kwangu. Mie namenya tungule. Mumewe kaoa mke wa pili, kamjengea nyumba ya pili tu kutoka yake. Da Rahma hakugombana na mtu. Alikaa kwenye kigoda, akaanza:

*Nilikupanda uani, kwa maji ya kisimani,*
*Ukachipua jirani, ukamea kwa mwenzani,*
*Harufu yanifikia, kuchuma sikujaliwa.*

Mie ndiye niliyeitikia mwanzo duniani. Kisu mkononi, tungule mkononi. Leo anakabidhiwa mtu wa kuanika mashuka.

Sijaandika haya kwa dharau. Naam, nimeyaandika kwa dharau. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 7 Novemba

Mwanaidi anaimba kuliko mie. Nimesema, khalas.

Akifika kwenye neno *harufu*, sauti inapanda halafu inakaa hukohuko juu kama ndege kwenye waya. Da Rahma kafumba macho. Miaka yote sijawahi kumfumbisha macho.

Kampa chai kwa kikombe chake mwenyewe, kile chenye mdomo wa dhahabu. Mie kanipa cha wageni.

Tulipobaki wawili nimemuuliza, na mie? Da Rahma hana dogo. Kaniambia, "Mkono kama wako wa rika sijauona toka Nizwa mpaka Sur. Lakini koo hukupewa, mdogo wangu. Aliyegawa si mie."

"Ana asili gani na nyimbo zetu?"

"Anayaelewa maneno. Fatma wako anapiga kinanda, muulize kuchuma ni nini."

Nimemuuliza Fatma garini. Kadhani ni kuchoma.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo nimesema neno.

Nimekwenda kunywa kahawa kwa Ummu Said. Yeye ni Mwarabu wa hapahapa Ibra, Kiswahili hajui, tumezungumza Kiarabu. Tende, halua, chungwa kanimenyea mwenyewe. Mtu mwema. Nikaanza kwa kumsifu mtumishi wake. Mashallah, ana sauti. Wallahi mwangalie lakini. Harusi za Sur zina watu wengi na simu nyingi. Leo anaimba, kesho anatafutwa, keshokutwa hayupo. Kuna bibi mmoja wa Bidbid, nikamwambia, mtumishi wake kaondoka hivihivi, kafuata mambo ya kuimba, hajaonekana mpaka leo.

Ummu Said kaweka kisu chini.

Hakuna bibi wa Bidbid. Nimemtunga. Kumbe na mie mtunzi.

Jumatano, 12 Novemba

Moyo mwepesi siku mbili hizi. Nimepika biriani bila sababu. Baba Ahmed kauliza kuna mgeni?

Jioni nasoma sura zangu za kinga kama kawaida. Nimefika pale pa kuomba kukingwa na shari ya hasidi, ulimi ukawa mzito. Tangu utoto nikisoma pale namfikiria mtu fulani au fulani. Leo hakunijia mtu.

Nimeirudia. Vilevile.

Ijumaa, 14 Novemba

Hakuja.

Da Rahma kasema tungoje. Chai imepoa, kaipasha, imepoa tena. Kila mlango ukilia anageuza shingo. Mwishowe kampigia Ummu Said. Mwanaidi hatoki tena. Simu kanyang'anywa. Mwezi ukiisha anarudishwa ofisi iliyomleta, wampeleke nyumba nyingine au kwao. Ana mtoto Tanga anamsomesha, hilo Da Rahma ndiye aliyelisema. Mie nilikuwa sijui. Sikuwahi kumuuliza.

Da Rahma kakunja busati nusu, kalikunjua tena. "Basi Sur utaimba wewe," kasema.

Umri wote nimelingoja neno hilo. Nimerudi kwa miguu naimba njiani. Nilipofika karibu na msikiti ndipo nikanyamaza.

Jumanne, 18 Novemba

Dera langu la kuimbia Sur limetoka kwa fundi, rangi ya zabibu. Linanikaa.

Nimepita nyuma ya nyumba ya Ummu Said. Mwanaidi juu darini, anaanika. Haimbi. Kaniona, kasimamisha mikono, midomo imesema shikamoo. Sauti haikufika. Nikaangalia chini kama naogopa kujikwaa.

Ijumaa, 21 Novemba

Tumerudi kutoka Sur. Harusi ilikuwa jana laasiri. Naandika kabla sijasahau, ingawa sitasahau.

Ukumbi mkubwa, wanawake watupu, udi mpaka macho yanawasha. Da Rahma kaimba nyimbo mbili amekaa. Ya pili sauti ikakatika katikati. Kamaliza kwa kunong'ona, na ukumbi ukamsaidia. Wazee wa Kiunguja wote wakawa wanalia. Halafu kanipa maikrofoni.

Nimeanza "Asumini". Sikukosea neno. Pumzi nimeipanga. Fatma kinanda kakipiga vizuri. Na hakuinuka mtu.

Kwetu mwimbaji hutunzwa. Mwanamke akiguswa na ubeti huinuka, akaja taratibu anacheza, noti mkononi, akampa mwimbaji. Na ukiinuka umesema. Ubeti uliokuinua ni kauli yako, na ukumbi mzima unatazama unaupeleka kwa nani. Ndiyo maana watu huchagua ubeti kama wanavyochagua kanga. Nimeona wakewenza wakimalizana kwa namna hiyo bila ya kutukanana.

Ubeti wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Watu wanakula sambusa. Bibi mmoja kaniangalia kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nikafika ubeti wa mwisho, ule wa panga na kikuba cha maua:

*Aliyekata kwa panga, ua hakujichumia,*
*Kikuba hakukifunga, harufu ikakimbia,*
*Kabaki na lake panga, mkononi kashikia.*

Da Rahma akainuka.

Maisha yangu sijaona mwenye nyimbo anatunza wimbo wake mwenyewe. Kaacha kiti, kaja na mkongojo wake, anacheza polepole kwa mabega tu, kama walivyokuwa wakicheza zamani. Noti mkononi. Ukumbi umepasuka kwa vigelegele. Kwao wao Da Rahma ananivika taji. Watu wamesimama, simu juu.

Kaniwekea noti kiganjani. Kanifunga vidole kimoja kimoja. Macho hakuyatoa usoni pangu mpaka nilipomaliza "kashikia".

Nilijua pale pale kwamba anajua.

Jumapili, 23 Novemba

Sikuandika ya garini.

Tulisimama Al Kamil kutia petroli. Fatma kateremka kununua chai ya maziwa. Da Rahma alikuwa nyuma, nikadhani kalala. Akasema, "Ummu Said alikuja kunishukuru. Eti jamaa yako Zuwena kanizindua. Kanisimulia na ya Bidbid."

Nikasema astaghfirullah. Akasema hilo mwambie Mungu.

Halafu kanambia hivi, na sauti yake haina nguvu, nimegeuka ndipo nikasikia: "Mume wangu aliponiolea mwenzangu, unadhani sikuwa na wivu? Nilitaka kumtia moto na nyumba yake. Wivu ule niliutia wimboni, watu wakafurahi harusini miaka yote hii. Wako wewe umeutia wapi?"

Fatma karudi na chai. Noti nilikuwa nayo ndani ya mkono mpaka Ibra.

Bado namwonea wivu yule msichana. Naandika kweli. Bado. Ila sasa na aibu imekaa juu yake.

Jumatano, 26 Novemba

Nimekwenda kwa Ummu Said baada ya adhuhuri. Nimekataa kahawa, maana kahawa ya mtu ukishainywa maneno yanalegea.

Nimemwambia hakuna bibi wa Bidbid. Hakuna aliyeondoka. Mwanaidi hakufanya lolote. Mie nilitaka akae nyumbani ili niimbe mie.

Kasema, "Na wewe ndiye unayetusalisha tarawehe sisi wanawake?" Nikasema ndiyo. Kanifokea, na mie nimekaa nimesikiliza. Kasema nimemtia dhambini, kamnyang'anya mtu simu yake kwa neno la uongo. Kaita, "Mwanaidi!" Kamrudishia simu mbele yangu. Kumrudisha ofisini, kaghairi.

Lakini harusi, hapana. Hofu ikishaingia haitoki kwa sababu mtu kasema samahani. Kakubali Ijumaa tu, laasiri mpaka magharibi, nyumbani kwa Da Rahma, na sharti nimchukue mie na nimrudishe mie, kwa mkono wangu. Hilo la harusi nimelivunja na sikuweza kuliunga.

Mwanaidi alisimama na simu kifuani. Kiarabu anakijua cha jikoni. Sijui kaelewa kiasi gani. Nadhani kaelewa.

Ijumaa, 28 Novemba

Mandazi leo na iliki yake. Nimenunua.

Laasiri nimegonga kwa Ummu Said. Mwanaidi katoka na kanga zake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mlango wa pili tu, lakini tumekwenda polepole. Pale penye ngazi iliyovunjika kanishika kiwiko. Nikamuuliza mtoto wake anaitwa nani. Kanitajia.

Da Rahma yuko kitini. Haimbi tena, kasema Sur ilimtosha. Mwanaidi kaangalia mahala pa kukaa. Nimemwonyesha mkono wa kulia. Mie nimekaa wa kushoto. Rika linasikika vilevile.

Kaimba "Asumini". Imeniuma toka neno la kwanza. Sauti ikapanda pale pake, ikakaa. Da Rahma kafumba macho.

Noti ya Sur nilikuwa nayo kifuani. Sikungoja ubeti wa panga. Ule ulikwisha kunifika. Alipofika kwenye *harufu yanifikia, kuchuma sikujaliwa*, nimeweka rika chini, nikainuka.

Hapakuwa na kigelegele. Chumba kina wanawake wanne na sahani ya mandazi. Nimecheza kwa mabega, hatua chache, goti linalia. Nimemwekea noti kiganjani nikamfunga vidole. Hakuacha kuimba. Kanitazama mpaka mwisho wa ubeti, halafu kainamisha kichwa.

Fatma kauliza kwa Kiarabu kwa nini mama umeinuka hapo. Da Rahma, macho kafumba vilevile, kamwambia, "Piga kinanda, mwanangu."

Nimerudi kukaa. Nimechukua rika. Kiitikio kilikuwa kimefika, nikaitikia.

Magharibi ikaadhiniwa, tukanyamaza. Nimemrudisha kwa Ummu Said.

Dera la zabibu nimelitundika.