Ndoo Isiyo na Harufu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto, wakubwa kwa wadogo. Natumaini mguu wa shemeji umepona na kwamba ameacha ule ukaidi wa kupanda juu ya paa kana kwamba ana miaka ishirini. Mama anakusalimu sana. Amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ananiuliza naandika nini, nami nimemwambia naandaa masomo. Najua umeshagundua kwamba kwenye salamu hizi nimeruka sentensi moja, ile ambayo marehemu Baba alitufundisha isikosekane katika barua yoyote, ya kwamba mimi ni mzima. Nimeiruka makusudi. Tutaifikia.

Usishangae kuandikiwa barua zama hizi. Simu ningepiga, lakini nyumba hii unaijua, kuta zake ni kama pazia, na Mama amezeeka miguu tu, masikio bado ya msichana. Naandika kwa kalamu, kisha kurasa nitazipiga picha nikutumie. Karatasi zenyewe nitazichoma. Sababu yake nayo tutaifikia.

Basi, shule tulifungua. Uliniuliza mambo yanakwendaje nikakujibu kwa neno moja ukakasirika, kwa hiyo leo nakueleza yote. Waraka ulikuja kutoka ofisi ya elimu, kurasa nyingi, umeandikwa na mtu ambaye naona hajaingia darasani tangu alipotoka akiwa na kaptura. Madawati yakae mbalimbali, madirisha yawe wazi, mikono ioshwe, wanafunzi wasigusane. Wasigusane! Watoto wa darasa la kwanza, ambao hata kwenda chooni wanashikana mikono.

Madirisha yenyewe yalikuwa yamepigwa rangi juu ya rangi, mwaka baada ya mwaka, mpaka yakagandamana na fremu. Ungetuona ungecheka. Watu wazima wenye vyeti vyetu, tumepanda juu ya madawati, tunakwangua rangi kwa visu vya jikoni. Mwalimu mkuu alichukua ile rula ndefu ya ubaoni akawa anatembea nayo kila mahali, anapima dawati na dawati, mwalimu na mwalimu, hata chai alikunywa huku ameiegemeza begani. Haikupita siku tukawa tunamwita Mita Moja, na nadhani anajua.

Kwa nafasi hizo darasa langu likawa linatosha nusu ya watoto tu, kwa hiyo tukawagawa, wengine asubuhi na wengine mchana. Waraka haukusema mwalimu naye agawanywe vipi. Tukachora duara za chokaa kutoka getini mpaka mlangoni, kila mtoto asimame kwenye yake. Wakaona ni mchezo, wakaziruka kwa mguu mmoja mpaka zikafutika, tukachora tena kesho yake. Mlinzi wetu alipewa kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, na watoto wakielekezewa wananyanyua mikono juu kama watu wanaokamatwa. Barakoa nazo walibadilishana kama gololi, yenye maua kwa yenye gari, na jioni mtoto anarudi kwao na barakoa ya mwenzake imelowa mate ya wawili.

Kufundisha ndiko kulikonishinda. Wewe unajua mimi nafundisha kusoma kwa mdomo wangu. Mtoto anatazama midomo inavyofungwa, inavyofunguka, halafu anaiga. Sasa nasema "ba" nyuma ya kitambaa, nasema "pa," na wao wanasikia kitu kile kile na kunikodolea macho. Kuna binti mmoja mwenye pengo, mdogo, mdadisi kuliko wote. Alininyooshea mkono akaniuliza kama na mimi nina meno. Hajawahi kuyaona. Walimu wenzangu nilipowasimulia walishika mbavu. Mimi niliwatazama wakicheka.

Hilo ndilo nataka ulielewe, dada. Nilikuwa sijisikii chochote. Si furaha ya kuwaona watoto baada ya kimya chote kile, wala hofu, wala hasira. Naamka, navaa, nakwenda, nasimama, narudi. Kama ule mguu unaoukalia mpaka ukafa ganzi, unaufinya na unajua unafinya, lakini mguu hauna habari. Nikasema ni uchovu. Kila mtu alikuwa amechoka, nani angenishangaa.

Sasa nije kwenye ndoo. Mimi ndiye mwalimu wa afya, kwa hiyo maji ya dawa ya kunawa getini yalikuwa kazi yangu. Kila asubuhi nafika kabla ya wenzangu, najaza ndoo zenye bomba, natia klorini. Klorini ilikuja na kijiko chake cha kupimia, nami nilikitumia siku ya kwanza tu. Baada ya hapo nikapima kwa pua. Usinicheke, maana jina la Pua ulinipa wewe mwenyewe, enzi zile ulipokuwa ukificha pipi chini ya godoro, ndani ya kiatu, kwenye mfuko wa koti la Baba, na mimi nazifuata moja kwa moja bila kuulizia njia. Shuleni pia wananijua kwa hilo. Mtoto akijikojolea naambiwa nipite nimtambue bila kumwaibisha. Embe likisahaulika kwenye dawati wakati wa likizo naitwa mimi. Kwa hiyo nilikuwa natia klorini, nakoroga, nainama, nanusa, nikiridhika naacha. Mita Moja mwenyewe aliwahi kusema mbele ya walimu wote kwamba kijiko kinaweza kupotea ila pua ya mwalimu huyu iko mahali pake.

Wiki hii, asubuhi moja, niliinama nikanusa na ndoo haikuwa na harufu. Nikaongeza. Nikakoroga, nikanusa, hola. Nikasema moyoni, ndiyo hayo, wametuletea unga wa chaki, na kule ofisini kuna mtu ananenepa. Nikaongeza tena kwa hasira, au kwa kile ambacho zamani kingekuwa hasira. Nikafanya hivyo kwa kila ndoo. Kisha mlinzi akafungua geti na watoto wakaanza kunawa.

Binti mwenye pengo alikuwa wa mbele, kama kawaida yake. Alinawa, akajipangusa macho, akapiga ukelele. Nyuma yake wengine wakaanza kukung'uta mikono, viganja vimekuwa vyekundu. Mita Moja alikuja mbio, akafika karibu na ndoo akarudi nyuma anakohoa, machozi yanamtoka, akiuliza nani amefanya hivi, nani asiyesikia harufu hii. Mlinzi akasema imefika mpaka dukani ng'ambo ya barabara. Na mimi nimesimama katikati yao, dada, nimeshusha barakoa, nimeingiza uso ndani ya ndoo yenyewe, navuta pumzi. Hakuna kitu. Macho yaliwasha, lakini pua ilikuwa kama si yangu.

Watoto wamepona, nianze kukutuliza kwa hilo. Nesi wa zahanati alikuja, wakaoshwa kwa maji mengi, binti mwenye pengo macho yake ni mazima na ameshaniuliza mbona silii na mimi. Alipomaliza na watoto, nesi alinigeukia. Hakuniuliza mengi. Aliniuliza tangu lini sinusi, nikamwambia sijui, kwa sababu kitu kikipotea kimya kimya hujui kimeondoka lini. Akanichukua kipimo palepale, kwenye benchi ya ofisi.

Ndiyo sentensi niliyoiruka. Mimi si mzima. Ninao huo ugonjwa.

Nilipomwambia Mita Moja, aliilaza rula yake juu ya meza. Nilikuwa najua maana ya maneno yangu, kwamba shule itafungwa tena, rangi tulizokwangua, duara tulizochora, vyote bure. Nilidhani atanigombeza na nilikuwa tayari. Aliniuliza tu naishi na nani. Nikasema naishi na mama yangu. Akatazama dirishani, na mimi nikaondoka.

Njiani kurudi ndipo nilipokumbuka chumvi.

Tangu mwisho wa wiki iliyopita Mama amekuwa akinung'unika kwamba mboga haina chumvi. Mimi naonja, naona kweli, chapwa kabisa, namwongezea, nami najiongezea. Kesho yake supu nayo haina ladha, tunatia tena. Nikamtania kwamba ulimi wake umezeeka, akanijibu kwamba ulimi uliozaa walimu wawili hauwezi kuzeeka. Tukala hivyo mama na mwana, mezani, tukilaumu muuza duka. Nilipofika nyumbani kutoka shuleni nilikwenda moja kwa moja jikoni nikafungua kopo la chumvi. Nililijaza mimi juzi tu. Limebaki unga wa chini.

Mama hatoki nje, dada. Tangu haya yaanze hajavuka kizingiti, na mtu hajaingia ila mimi. Hakuna wa kumletea isipokuwa mimi. Na wewe ulinionya. Kabla hatujafungua ulipiga simu ukasema chumba cha nyuma umeshakifagia, nimlete Mama kwako mpaka shule zitulie, kwa sababu ya kifua chake. Nikakujibu kwamba Mama si kabati la kuhamishwa huku na huku. Ukweli ni kwamba niliogopa kurudi jioni kwenye nyumba tupu. Nimesema. Ukitaka kunitukana nitukane, una haki, lakini nisomee mpaka mwisho kwanza.

Nesi alikuja kumpima jana, nikamwambia Mama ni ukaguzi wa wazee wote wa mtaa. Majibu ni yale yale. Nesi ameniambia nimwangalie pumzi. Maadamu anaweza kusema sentensi ndefu mpaka mwisho bila kukatika, tumnyweshe maji, apumzike, tusubiri. Siku atakapokata sentensi katikati kuvuta hewa, nisisubiri, nipige simu gari lije. Kwa hiyo tangu jana kutwa namchokoza aongee. Namuuliza habari za harusi yake, za yule mbuzi aliyekula cheti chako cha ubatizo, za jirani aliyehama bila kurudisha sufuria. Anasimulia, mimi nasikiliza mwisho wa sentensi. Amefurahi sana. Ameniambia ugonjwa huu una baya na jema, maana umemrudishia binti yake nyumbani mchana na tena amekuwa msikivu. Anadhani nimepewa likizo.

Sijamwambia, na ndiyo sababu karatasi hizi nitazichoma, asije akazisoma. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nayaficha ya wawili. Nakaa naye nimefunga barakoa, namwambia ni mazoea ya kazini, na ninasubiri nilie, nione hata aibu, nione kitu. Sioni kitu. Pua, ulimi, moyo, vyote vimeondoka na gari moja.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Mpigie leo, umwambie wewe. Wewe ni mkubwa, na sauti yako anaiamini hata ikileta habari mbaya. Mimi nikianza atanitazama machoni, na hatakuta kitu humo. Na tafadhali usije. Najua utataka kupanda gari la kwanza. Una watoto, na shemeji na mguu wake. Kaa huko, chumba cha nyuma uendelee kukifagia.

Nisalimie shemeji, nibusie watoto kwa niaba yangu, na jirani yako yule mshonaji mwambie barakoa alizotushonea zilipendwa, yenye gari ndiyo iliyoongoza sokoni. Sasa nimemwambia Mama kwamba si masomo, nakuandikia wewe salamu, nikamuuliza akutumie neno gani. Ameweka mikono mapajani kama anayepigwa picha. Anasema nikuandikie kwamba yeye hajambo, kwamba amekuota umevaa lile gauni la njano, na kwamba ukija usisahau kumletea chumvi ya huko kwenu, maana hii ya huku siku hizi

Hapo amekatika. Amenyanyua kidole, kama anavyofanya akitaka nisubiri. Nimesubiri. Amevuta hewa, akavuta tena, kisha akamalizia kwamba haikolei.

Ameanza sentensi nyingine, kuhusu gauni, na hiyo nayo imekatika. Simu ninayo mkononi. Dada, naogopa. Naogopa sana. Nampigia nesi sasa hivi.

Mdogo wako,
Pua