Kuwaita Walioko Msituni

Bugarama, Machi 1998

Kwa dada yangu mpenzi Épiphanie,

Nakusalimu sana wewe, shemeji na watoto wote huko Bukavu. Je, kifua cha yule mdogo kimepona? Sisi huku tu wazima, mpunga umekomaa, na joto la Bugarama unalijua, halina huruma. Barua hii anakuletea Maman Nzigire, anavuka mpaka na mchele wake. Mpe chai, amechoka.

Dada, Vénuste, mdogo wetu, amerudi kutoka msituni. Keti kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Tangu wale waasi waanze kushuka kutoka msituni na kuua watu njiani, serikali imejaribu mengi. Walikata migomba yote ya kando ya barabara ili waasi wakose pa kujificha. Wakajificha kwenye mihogo. Waliongeza askari, wakaua waasi wengi, wakaja wengine. Mwishowe Ladislas, konseye anayeongoza sekta yetu, alitangaza kwamba akina mama wenye watoto huko msituni wapande mlimani na kipaza sauti, wawaite wenyewe. Nilicheka. Nikamwambia Maman, mama yetu, kwamba sasa wanawinda watu kwa kutumia mama zao. Maman alifunga kitenge chake akaenda.

Alimwita kwa jina la nyumbani, Bucura, kitinda mimba wake, ili ajue si mtego. Alilia kwenye kile kipaza sauti: “Bucura, kuya mutoto yangu, habatakuuwa!” Haikupita wiki, Vénuste akashuka mikono juu, amekonda kama mpini wa jembe. Walimpeleka kambi ya mafunzo, wakamrudisha mzima kama walivyoahidi. Wengine wakamfuata. Siku hizi tunapeleka mpunga kinuni bila kusindikizwa na askari. Ladislas anatembea kifua mbele, na ana haki.

Nami nilifurahi, dada, usinidhanie vibaya. Nilimpikia ugali na dagaa wa sambaza. Akakataa kula nami sahani moja. Nilipomuuliza nimemkosea nini, alilia, kisha akaniambia.

Siku waasi walipomuua Gad, mume wangu, pale barabarani, Vénuste alikuwa pamoja nao. Gad alimtambua, akamwita shemeji. Vénuste akageuza uso, akanyamaza, kwa kuwaogopa wenzake. Anasema ni hilo tu alilofanya. Maman hajui, na kila siku anamwekea kipande kikubwa yeye.

Sasa Ladislas anataka Jumapili nipande mlimani mimi, mjane wa mtu waliyemuua, niwaite waliobaki. Nimelia mpaka macho yamevimba. Nimemchukia Vénuste, nikamchukia hata Maman kwa kumwita. Lakini nitakwenda, maana wakibaki huko, mwanamke mwingine ataletewa mume wake amefunikwa majani ya migomba. Ladislas amenifundisha maneno ya kusema: rudini, tumewasamehe.

Nitasema rudini. Hapo nitamrudishia kipaza sauti chake.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Ukimwandikia Maman, mwambie tu umefurahi.

Ni mimi mdogo wako,
Védastine