Waya Uliokatika Sitahani

Manowari ya Pili,
Chumba cha Wagonjwa,
9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na Bibi, bado anaficha dawa zake chini ya mto? Mimi sijambo, ila mkono wa kushoto umefungwa bandeji, hivyo karatasi inanikimbia ninapoandika.

Mwanao yu hai. Naanza na hilo ili moyo wako utulie.

Najua wakubwa walikuandikia "ajali kazini" basi. Yeye mwenyewe ameniomba nikueleze yote, maana kwenye simu angeshindwa.

Hizi manowari zetu tatu, zilizojengwa kwa ramani moja, zinaendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Zinakaa baharini miaka bila kuongeza mafuta. Ndege zinazobebwa juu yake ndizo haziwezi, na sitaha, yaani sakafu ya juu zinapotua, ni fupi. Ndege hushuka na ndoano mkiani, ikanasa waya mnene wa chuma uliokingama sitahani, ikasimama.

Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, ule waya ulikatika. Sikuuona, niliusikia tu ukipita. Ndege ikatumbukia baharini na rubani wake, hatukumwona tena. Mpiga ishara wetu anayeongoza ndege zikitua, yule mcheshi wa kwenye picha niliyokutumia, waya ulimkata kiunoni. Mwanao ulimchukua mguu wa kulia, chini ya goti. Nilimfunga paja kwa mkanda wangu, damu ikinirukia usoni.

Mara vipaza sauti vikatangaza kwamba ndege nyingine iko angani, mafuta yanaisha, rubani wake ni binti mgeni kazini. Waya haukuwepo tena, ikabidi uinuliwe wavu wa dharura wa kuinasa ndege, na wavutaji wake wengi walikuwa chini, wengine hawatainuka tena. Mimi sikutaka kuuachia ule mkanda. Mwanao akaushika mwenyewe kwa mikono miwili.

"Nenda kavute wavu," aliniambia. "Huyo naye ana mama."

Nilikwenda. Tulivuta huku tukiteleza kwenye damu. Ndege ikaja, ikajibamiza wavuni, bawa likang'oka, kipande kikanichana mkono. Moto ukalipuka. Tulimtoa yule binti buti zikiwaka. Nilipomrudia mwanao alikuwa amezirai, lakini vidole bado vimeukaza mkanda. Daktari alivibandua kimoja kimoja.

Siku hizi yule binti huja kukaa kando ya kitanda chake. Mara ya kwanza alilia tu. Mwanao akamwambia alishuka kwa fujo kama anafukuzwa na mbwa, wakacheka wote wawili. Mimi nilitoka nje, nikalia zamu yangu.

Manowari zote tatu zimesimamishwa kurusha ndege mpaka nyaya zikaguliwe. Sisi majeruhi tunarudishwa nyumbani mwisho wa mwezi.

Nisalimie Bibi, na yule jirani fundi cherehani. Mwambie suruali za mwanao asiziguse, mwenyewe atasema anazitakaje. Mungu awakinge nyote hapo nyumbani.

Ana ombi moja, Shangazi. Anajifunza kutembea kwa magongo. Anaanguka, anatukana, anainuka. Akishuka garini, tafadhali usimkimbilie. Simama mlangoni, umwache aje mwenyewe mpaka kwako, hata akichelewa.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana.