Fungate Letu Kwenye Lango la Zizi

Ain Sfaya,
Kef.
4 Desemba 2018.

Mpendwa mama mdogo Haluma,

Na la, sijapoa. Juzi kwenye simu uliniambia nivute pumzi kwanza, nami nikavuta, laini ikakatika. Pumzi imeisha, hasira iko palepale, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Lakini adabu kwanza. Hujambo, mama? Magoti yanasemaje na baridi ya mwaka huu? Baba mdogo Taher amemaliza kuvuna zeituni huko Sfax, au bado mnalala na mchanga wa shamba miguuni? Mimi ni mzima, na Nejib wangu ni mzima. Leo tumetimiza siku arobaini na mbili za ndoa. Kila asubuhi nikimwona ameinama kufunga kamba za viatu, moyo unaniruka kama ndiyo kwanza nachumbiwa. Ananukia dizeli na sabuni, na sijui manukato yanayoishinda harufu hiyo.

Basi sikia alichofanyiwa mume huyu.

Trekta la nyumba hii, baba mkwe, Mzee Larusi, alilinunua kabla Nejib hajazaliwa. Miaka yote limekunywa oili ya kawaida, ile nzito ya kwenye pipa. Ikipungua, mzee anaongeza mpya juu ya nyeusi. Akiimwaga, mara moja kwa miaka, hatupi hata tone. Anaiweka kwenye makopo ya mafuta ya zeituni, eti imekomaa. Asubuhi ya barafu injini inakohoa, na wanaume wanne wanasukuma.

Nejib akasema tubadilishe, tutie oili ya sintetiki, inayotengenezwa kiwandani ili isigande kwenye baridi wala isiungue upesi kwenye joto. Kijitabu cha trekta nilimsomea mimi, ukurasa kwa ukurasa, kichwa chake kikiwa begani kwangu. Fundi wa mjini alituonya jambo moja tu: injini kuukuu ikipata oili hii huoshwa uchafu wa miaka, na sili iliyochoka, ule mpira unaozuia oili isitoke, huenda ikavuja. Ikivuja, badilisheni sili, msiilaumu oili.

Ni ghali, mama mdogo. Zile siku tatu za fungate tulizopanga kwenda baharini Tabarka, tuliziacha. Nilimwambia Nejib bahari haihami, na mimi pwani yangu ni yeye. Akanikumbatia mbele ya muuza oili!

Tulimwaga nyeusi, tukafunga chujio jipya, tukajaza ile ya dhahabu. Kesho yake likawaka kwa mzungusho mmoja. Baba mkwe akaja, akachomoa kijiti cha kupimia, akasugua oili kwa kidole gumba na cha shahada. Hapa kila kitu hupimwa hivyo, asali, rangi, hata uji mzito wa asida. Kizito ni halali, chepesi ni ulaghai.

"Maji haya," akasema. Kisha akaona matone chini. "Na linakojoa."

"Ni sili, baba. Jumanne naibadilisha."

"Trekta langu halikuwa likikojoa hovyo kabla wewe hujaoa."

Jumanne Nejib akabadilisha sili, na tone halikuonekana tena. Jumatano tulikwenda kwa mama yangu. Tuliporudi tukaambiwa mzee mwenyewe amelipeleka trekta kwenye shamba la mjane Dhahbia, likalale huko, maana Alhamisi ilikuwa twiza, siku kijiji kizima kinapomlimia asiye na nguvu.

Alhamisi barafu ilikuwa nyeupe kama chumvi. Watu thelathini, chai motoni, mimi na sufuria yangu ya kuskusi. Nejib akazungusha ufunguo. Stata ikanguruma mara mbili, ikakata. Tena. Tena. Mpaka betri ikafa.

"Mmeona?" Mzee Larusi akapaza sauti. "Oili ya bibi harusi hiyo! Mke kasoma kitabu, trekta limekata roho."

Watu wakacheka, mama mdogo. Wakacheka! Akanyoosha kiganja. "Ufunguo." Akampa kaka mtu, shemeji Sahbi, ambaye ukimuuliza oili inatiwa wapi atakuonyesha tangi la dizeli. Nejib alitoa ufunguo, masikio mekundu. Mwenye ufunguo ule ndiye anayewalimia watu msimu mzima na kula kwa jasho lake. Bila huo, mume wangu ni kibarua wa kaka yake. Na shamba la mjane likabaki vilevile.

Siku mbili nililia. Jumamosi nikawapelekea kondoo majani. Lango la zizi lile hulia kama mbuzi anayechinjwa, kijiji kizima hujua umeingia. Siku hiyo nikalisukuma, kimya. Nikagusa bawaba. Utelezi, rangi ya dhahabu. Nikaingia ghalani, na nyuma ya magunia nikakuta makopo ya zeituni yamejaa oili yetu. Fungate letu, mama mdogo, limepakwa lango la kondoo!

Nilibeba kopo hadi kwenye sinia la chakula cha mchana.

"Baba, lango la zizi nani kalinyamazisha?"

Mama mkwe akadakia kwa furaha. "Hata mimi nimeshangaa! Miaka ishirini namwomba mzee alipake."

Mzee akajikuna shingo. "Nililipaka yale maji. Niliyamwaga Jumatano, nikarudisha oili yangu iliyokomaa. Nilitaka kuiokoa injini. Ilikuwa imeshaharibika, ndiyo maana haikuwaka."

"Kwa hiyo Alhamisi iliyogoma ni oili yako?" Nejib akauliza, taratibu sana.

Mzee akamega mkate. Sahbi alikohoa, akaomba harisa ya pilipili.

Jumapili Nejib akaitoa ile nyeusi. Ilidondoka kwa mabonge, kama asida iliyolala. Akarudisha yetu, akachaji betri. Jana baridi ilizidi ya Alhamisi. Mzee akachukua ufunguo kwa Sahbi, akapanda mwenyewe, akauzungusha. Likawaka papo hapo. Akalizima, akaliwasha, mara tatu, kama mtu anayetafuta kosa. Akashuka, akaenda zake. Mchana Nejib aliinua mkate wake, chini yake upo ufunguo.

Nejib aliubusu, akasamehe. Ana moyo mpana kuliko mashamba ya Kef, ndiyo maana nampenda. Mimi sijasamehe. Aibu ilimwagwa mbele ya watu thelathini, haki ikafichwa chini ya mkate!

Nikamwambia, "Baba, mkate ni mtamu, lakini mjane Dhahbia hakuuonja."

"Una ulimi mwepesi, binti."

"Kama oili yetu, baba. Mwepesi, lakini unafanya kazi."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee aliondoka bila viatu.

Jumamosi hii twiza inarudiwa. Nitasimama na sufuria palepale niliposimama, na sitampakulia mtu mpaka Mzee Larusi aseme kwa sauti ileile nani alimwaga nini. Nejib ananisihi nipoe. Nimembusu, nikamwambia hapana.

Nisalimie baba mdogo Taher, umwambie gari lake la mizigo nalo linywe oili ya kueleweka, aangalie sili kwanza. Nisalimie Sirine na mwanawe, na bibi Shedlia, umbusu mikono kwa niaba yangu. Mungu awape afya na mitungi iliyojaa.

Chumba cha uani kisafishe, mama mdogo. Mzee akisema, nitakuja na Nejib tukiwa na kopo la oili kwa ajili ya baba mdogo. Asiposema, nitakuja na Nejib tukiwa na virago vyetu vyote. Kwa vyovyote vile, mwezi huu hauishi hujatuona mlangoni.

Mwanao, akupendaye hata akiwa amenuna,
Emna