Mapigo Matatu ya "Nivuteni"

Runzewe, 3 Februari 2024

Baba, shikamoo. Habari za Mwanza, na kifua chako? Sisi wazima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu naishiwa maneno.

Wimbo wa bendi yenu unapigwa kila kibanda, hadi saluni. Tangu nimalize kidato cha nne sijasikia kingine. Naitwa mtoto wa "Nivuteni". Naona haya, ila nafurahi.

Kuna jambo. Yale mapigo matatu ya nyundo kwenye chuma, kabla magitaa hayajalia, ni yale uliyoyatoa duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, ulipokuwa unachimba: aliye chini shimoni anaomba avutwe haraka. Sasa wachimbaji wanayagonga kwa mchezo, na walio juu wanaitikia kwa kuimba. Kaka Donatus ananicheka: "Zipora, hata shimoni tuna redio!" Ukihojiwa redioni waambie waache. Mimi nitawaambiaje wanaume wale?

Binti yako, Zipora

Mwanza, 20 Februari 2024

Marahaba, mwanangu. Kifua kimetulia. Usiogope, mchimbaji anajua mchezo na anajua hatari. Redioni walitupa dakika tano, nikasahau. Pasaka tunakuja kupiga hapo uwanjani, nitawaambia mwenyewe. Donatus aniwekee watu wa kushangilia!

Baba yako, Magesa

Runzewe, 17 Machi 2024

Shikamoo Baba. Siku nne simu yako haipatikani.

Jumatano kifusi kilimfunika kaka hadi kifuani. Aligonga. Maganga, aliyekuwa juu ameshika kamba ya kumvuta, aliniambia huku analia: "Tulimwimbia, mdogo wangu. Tulimwimbia wimbo wote mpaka akanyamaza."

Tumemzika Ijumaa. Wenzake walitaka kuuimba kaburini. Nilisema hapana, kwa sauti, mbele ya wote.

Baba, usiyagonge tena.

Zipora

Runzewe, 8 Desemba 2024

Shikamoo Baba. Tangu uje msibani ukaondoka, hujaandika. Natumaini kifua si kibaya.

Jana nilikuja Geita mlipokuwa mnapiga, nikasimama nyuma, karibu na uzio. Nilikuona umeshika nyundo. Uliitazama, ukaiweka chini. Asante, Baba.

Lakini watu waligonga wenyewe. Chupa, viti, mabati ya uzio niliouegemea. Mara tatu, kisha wakaimba, nawe umesimama tu.

Duarani wamebadili ishara. Siku hizi aliye chini anatikisa kamba. Maganga haiachii hata wakati wa kula.

Binti yako, Zipora