Kikao cha Wakulima wa Puigsec Kuhusu Nyumba Iliyoungua Kimyakimya

Tarehe: Jumapili baada ya mavuno ya zabibu, 1448
Mahali: Barazani pa kanisa
Waliohudhuria: Guerau Serradell (Mwenyekiti), Ponç Rourell (Katibu), Llorenç Comas, Sança mjane wa Arnau, wenye mashamba wengine, na ofisa wa mfalme (msikilizaji)
Hakuwepo: Miró wa kinu, bila udhuru, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/1448: KUFUNGUA
Mwenyekiti alieleza kwamba mfalme ameruhusu wakulima wachague mjumbe wa kuomba mila mbaya za mabwana zifutwe. Ofisa alikumbusha kwamba ruhusa ni ya kuchagua, si ya kunung'unika. Ndugu Llorenç aliuliza kama kukohoa kunaruhusiwa. Alionywa.

KUMB. NA. 2/1448: MJUMBE
Alichaguliwa Mwenyekiti. Ndugu Llorenç alisema hana kinyongo naye, isipokuwa kuhusu mpaka wa mizabibu uliosogea. Alijibiwa kwamba mpaka si ajenda.

KUMB. NA. 3/1448: MOTO WA KWA ARNAU
Mama Sança alieleza kwamba mumewe alifia ndani akizima moto peke yake. Sasa msimamizi wa ngome ya bwana anadai theluthi ya mifugo kwa kuwa nyumba imeungua, na theluthi nyingine kwa kuwa marehemu hakuacha wosia. "Maksai wakienda, mimi na wanangu tutalima kwa kucha?"

Ofisa, badala ya kumnyamazisha, aliuliza: "Samahani, mama. Kengele ya kanisa si hii hapa? Mbona haikupigwa?"

Ndugu Llorenç alijibu: "Bwana mkubwa, kengele ikilia ngome inasikia, na ngome ikisikia unalipa. Hapa kila mtu anazima moto wake kwa kunong'ona."

Ofisa alitaka kujua kama moto wa radi nao unalipiwa. Alijibiwa kwamba radi haina mifugo, hulipa mwenye nyumba. Aliuliza nani alianzisha mila hiyo. Hakuna aliyejua, na ilionekana jambo hilo linamkera.

Ndugu Llorenç aliongeza kwa sauti ndogo: "Moshi niliuona. Nikafunga dirisha nisije nikawa shahidi. Nilidhani namsaidia Arnau." Hakuna aliyemcheka.

KUMB. NA. 4/1448: AZIMIO
Ofisa alisema kuazimia hakuruhusiwi, kisha akatoka kumtazama farasi wake. Alimtazama muda mrefu.

Iliazimiwa kwamba nyumba yoyote ikishika moto, kengele ipigwe na watu wote wafike. Vilevile ipigwe siku msimamizi atakapofuata maksai wa Mama Sança. Mwenyekiti na Ndugu Llorenç walikubaliana, jambo ambalo Katibu hajawahi kuliandika.

KUMB. NA. 5/1448: KUFUNGA
Mama Sança aliomba aivute kamba ya kengele mara moja, aisikie. Aliruhusiwa. Kabla watu hawajatawanyika, Miró wa kinu alifika akihema, ndoo ya maji mkononi. Aliulizwa nani amemwambia kuna moto. Alijibu: "Hakuna. Nimesikia mnaita."

Kikao kilifungwa jua likizama.

Guerau Serradell, Mwenyekiti (alama ya msalaba)
Ponç Rourell, Katibu