Ulezi Chini ya Ngozi ya Mtoto

Ilboru, 4 Machi 1912

Mwanangu Efraimu,

Pokea salamu za mama. Mimi mzima, ni mgongo tu. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa. Kifua chako kimepona? Huko Tanga usinywe maji yasiyochemka.

Uliniomba niandike maneno ya koko Nashilu, mama wa marehemu baba yako, kabla hajatutoka, ili yawe kitabu cha ukoo. Nimeanza. Hapa Ilboru wanawake wanaojua kalamu tuko watatu, na mwandiko usiopanda mlima ni wangu peke yangu. Koko aliitemea kalamu mate kwanza, ndiyo baraka yake, kisha akasema:

"Mwaka askari walipochoma migomba, nilifukia mbegu za ulezi chini ya ngozi aliyolalia Efraimu. Alikuwa anaharisha, siku ya tatu. Sikumwosha. Askari akafunua ngozi, akaziba pua, akatoka. Maghala yote ya jirani waliyakomba. Sisi tulipanda. Waambie wajukuu, yakija tena wasikimbilie kusafisha."

Unaona, baba? Hata ulipokuwa huwezi kutembea uliwalisha watu. Nimemwambia kila mtu kanisani.

Mama yako,
Tabea


Tanga, 20 Mei 1912

Mama mpendwa,

Shikamoo, na koko umpe shikamoo yake. Kifua kimepona, nami nafundisha watoto arobaini.

Nakutumia kitabu, nimekinakili kwa wino mzuri, jalada jekundu. Habari ile ya ngozi nimeirekebisha kidogo, maana walimu wenzangu walitaka kukisoma nikaona aibu. Mate nayo nimeyatoa. Nimeandika: "Bibi alisali, askari wakapita, mbegu zikasalimika." Hivyo ni safi zaidi. Tuma mengine.

Mwanao,
Efraimu


Ilboru, 2 Julai 1912

Efraimu,

Salamu zako zimefika. Mwili wangu mzima.

Kitabu chako kimenichefua. Mimi nimetoa funza kwenye kidonda cha ng'ombe kwa vidole hivi, nikanawa, nikala. Karatasi yako imenishinda. Chakula cha jioni nimewapa mbwa.

Alisali kwa nani? Mwaka ule nani alikuwa na kanisa hapa?

Nilimsomea koko. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo bibi ni wa wapi?"

Nikamwambia, "Ndiwe wewe, mama."

"Basi yeye ndiye awasimulie yaliyobaki." Akageukia ukutani.

Tangu siku ile hasimulii neno. Na kwa watu nilijisifu, Efraimu wangu anaandika kitabu, na kweli hakuna mama mwingine hapa mwenye mwana kama wewe. Lakini umeona kinyaa kwa kitu kilichokuacha hai, na mimi naona kinyaa kwa wino wako. Andika upya kama alivyosema, na uandike haraka. Miguu yake imeanza kuvimba.

Mama yako,
Tabea


Ilboru, 11 Oktoba 1912

Mwanangu,

Miezi mitatu hujajibu. Natumaini ni aibu, si ugonjwa. Mimi ni mzima, ila nyumba imepoa. Koko ametutoka Jumanne.

Jumapili aliomba kitabu chako. Nilidhani anataka kukitia motoni, nikampa kwa moyo mweupe kabisa. Akaufungua ukurasa nilioukunja, akautemea mate.

Nikasema, "Hapo umefanya vyema, mama."

Akanikazia macho. "Nani kasema namtukana? Nambariki. Maneno si yangu, lakini mkono ni wa mjukuu wangu."

Miaka yote hii mimi ni mkwewe, na bado nilikosea. Hasira yake imekwisha. Yangu bado, sikufichi. Nakurudishia kitabu. Pale penye "alisali" wino umechuruzika. Usibandike karatasi juu yake. Mengine aliyokuwa nayo ameondoka nayo.

Kula vizuri.

Mama yako,
Tabea


Tanga, 3 Novemba 1912

Mama,

Shikamoo. Pole, nami nipe pole. Sikuwa mgonjwa. Ilikuwa aibu.

Doa nimeliacha. Chini yake nimeandika hivi, waonyeshe kanisani: "Mimi Efraimu, mwana wa Tabea, mwaka wa kuchomwa migomba niliharisha siku tatu juu ya ulezi wa ukoo wetu, na koko yangu Nashilu hakuniosha."

Nimewasomea walimu wenzangu. Mmoja aliziba pua, akatoka.

Mwanao,
Efraimu